Mauntini ya 26 au graveli? Jibu kwa dada wa Tanga anayetaka kupanda Usambara na mzigo wake

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga mjini, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Mwezi wa saba mimi na wifi yangu tunataka kuzunguka Usambara kwa baiskeli siku kama tano, mzigo tunabeba wenyewe, tunaanzia Mombo, Lushoto, Mtae alafu tunashukia upande wa Mnazi, na mwakani Mungu akipenda twende Ziwa Natron. Nina urefu wa sentimita 165, kilo 62. Bajeti ni milioni moja na laki mbili kwa kila kitu. Nimeona graveli ya mtumba ya alumini, usukani wa kupinda, laki tisa, na mauntini ya zamani ya chuma tairi inchi 26, laki tatu na nusu. Kwenye grupu wananicheka wanasema 26 imeshapitwa na wakati. Mabegi ya baikpaking, yale ya kufunga mzigo kwenye fremu na usukani, nayo bei yake inakaribia baiskeli nzima. Ninunue ipi na nibebe nini?"

Marahaba dada, na wifi msalimie. Jibu la haraka: chukua hiyo ya laki tatu na nusu kama haina kasoro ntakazokutajia huko chini, hela inayobaki peleka kwenye tairi, gia na magurudumu, mabegi kashonewe hapohapo Tanga. Graveli, yaani ile ya usukani wa kupinda ya barabara za kokoto, sio baiskeli mbaya, ungekua wa kuzunguka barabara za Handeni bila mzigo mimi mwenyewe ningesema chukua, ila kwa njia uliyoitaja itakutesa mlimani, na ikikorofisha huko Rangwi ndo utajua kwamba spea zake hazipo. Sasa nieleze maana najua ukirudi kwenye grupu watakubana.

Watu wakinunua baiskeli wanaanza na fremu na jina, wewe anza na gia nyepesi kuliko zote inayoweza kukupa. Mombo mpaka Lushoto kupitia Soni ni lami, kilomita kama 33, unapanda karibu mita elfu moja, na hiyo ndo sehemu ya raha. Ukishapita Magamba kwenda Lukozi na Rangwi mpaka Mtae unaingia vumbi jekundu, kilima kinaisha unashuka bondeni unavuka kijito alafu unaanza upya, kuna vipande hata bodaboda yenye abiria inabidi abiria ashuke. Hesabu yake ni rahisi, hesabu meno ya sproketi ndogo ya mbele gawanya kwa meno ya ile kubwa ya nyuma. Mauntini nyingi za zamani mbele zina sproketi tatu na ndogo yake ni meno 22, nyuma kubwa ni 32, unapata 0.69. Tairi nene ya 26 ikizunguka mara moja inakula kama mita 2.09, kwahiyo pedali ikizunguka mara moja wewe umesogea mita 1.44. Graveli nyingi za mtumba zenye sproketi mbili mbele, ndogo ni 34 na nyuma kubwa 34, yaani moja kwa moja, tairi yake inakula mita 2.2, basi kila mzunguko wa pedali unasogea mita 2.2 hizohizo. Miguu ikizunguka mara 60 kwa dakika, mauntini inakwenda kilomita tano na kidogo kwa saa, graveli inabidi iende karibu nane. Sasa niambie nani anapanda kuingia Mtae na kilo kumi na mbili za mzigo kwa mwendo wa nane kwa saa, asubuhi labda, mchana hapana. Ukishindwa kuzungusha unaanza kukanyaga kwa uzito wa mwili, magoti yanaanza kulalamika siku ya pili na safari inakua ya kusukuma.

Na hao wanaosema imepitwa na wakati waambie hivi, mauntini mpya za sasa zenye sproketi moja mbele ya meno 32 na nyuma 50 na tairi 29, ukipiga hesabu zinatoa karibu mita 1.48. Gia ya hiyo ya laki tatu na nusu ni nyepesi kuliko za hizo, kidogo tu lakini nyepesi. Ukikuta nyuma yake kubwa ni 28 usiikimbie, mwambie fundi aweke yenye 32 au 34, ila kwanza aangalie ile mashine ya gia ya nyuma iwe ya mkono mrefu, ya mkono mfupi haitakaza cheni vizuri ukiwa na sproketi tatu mbele.

Hapo nyuma kuna jambo moja watu wengi hawalijui na ndo linalokatisha safari za watu. Sproketi za nyuma zinafungwa kwa namna mbili: kuna friwili ya kukaza kwa nyuzi, inazungushwa kama nati, na kuna kaseti, ya kuchomeka. Ya nyuzi, beringi ya upande wa kulia inakaa ndani mbali na fremu, kwahiyo ekseli inabaki inaning'inia sehemu ndefu bila kushikiliwa, weka mzigo nyuma, piga mashimo, inapinda au inakatika kabisa. Kaseti ya aina ya Shimano beringi ya kulia imesogezwa nje karibu na fremu, ekseli inatulia. Kuzitofautisha sio kazi: angalia pale katikati ya meno ya nyuma pana sehemu yenye meno madogo au vikato vya kuingiza spana yake, zungusha sproketi kurudi nyuma kwa mkono, hiyo sehemu ikizunguka pamoja na sproketi ni kaseti, ikibaki imesimama ni friwili ya nyuzi. Mauntini yako ikiwa na friwili ya nyuzi sio mwisho wa dunia, wewe una kilo 62, ila punguza mzigo wa nyuma, na kwa safari ya Natron tafuta gurudumu la nyuma lenye kaseti. Gia 8 nyuma zinatosha kabisa. Cheni ya gia 8 inakaa kwenye 6 na 7 pia, inapatikana, bei yake ya kibinadamu.

Tairi sasa, na hapa ndo nataka utumie hela bila kusitasita, tenga hata laki mbili na nusu. Kwenye ubavu wa tairi pameandikwa namba kama 54-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Mauntini ya 26 ni 559. Graveli nyingi na 29 ni 622. Phoenix na zile baiskeli kubwa za kubebea mkaa zenye tairi ya "28" ni 635. Watu wanadanganyika hapo, wanajiambia kijijini tairi za 28 zimejaa nikiharibikiwa ntanunua, wapi, 622 na 635 zimeachana milimita 13, tairi halikai hata umwite nani. Tyubu ya 28 unaweza kuilazimisha ndani ya hiyo 622, wengine wanaiita 700, ikakufikisha mjini, tairi haiwezekani. Wakati 559 utaikuta Lushoto, utaikuta Mlalo, maana baiskeli za watoto wakubwa na mauntini za kichina za bei rahisi ndo saizi yake. Ubora wake mbovu lakini inakufikisha. Angalia tu namba isije ikawa 590, hiyo nayo wanaiita 26 na haiingii.

Kuwatendea haki jamaa wa grupu, wana hoja moja: 29 inapita juu ya mawe na mashimo kwa urahisi zaidi, na tairi za maana za 26 zinazidi kupungua madukani, kina Schwalbe, Maxxis na Continental bado zipo lakini usitegemee kuzikuta barabara ya kumi na mbili hapo Tanga, itabidi uagize Dar au mtu akuletee. Kwahiyo anza kutafuta sasa hivi, usisubiri mwezi wa sita. Upana 2.1 mpaka 2.25, vinundu vya katikati ya tairi vimebanana ili lami ya Mombo isikuchoshe, pembeni viwe na nafasi udongo ujitoe. Kabla ya kununua pima nafasi kati ya tairi na fremu, kila upande ubaki angalau upana wa kidole chako kidogo, udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unanata unajaza pale na gurudumu linasimama kabisa, unaanza kuchokonoa na kijiti kila mita hamsini. Mwezi wa saba ni kavu kwa kawaida ila kule juu ukungu na manyunyu hayana ratiba.

Upepo. Kila mtu anajaza mpaka tairi inakua jiwe, anasema hataki pancha. Kwa kilo zako na mzigo wa kilo kumi na kitu, tairi ya 2.2 yenye tyubu, mbele 26 mpaka 28 psi, nyuma 30 mpaka 33. Hapo tairi inalala kidogo inameza kokoto, mikono haifi ganzi na baiskeli hairuki ovyo kwenye barabara zenye vimatuta vimejipanga kama bati. Ukishuka chini ya hapo na tyubu, ukipiga jiwe rimu inaibana tyubu unapata vitundu viwili pacha. Valvu chukua ile nene ya gari, hata pampu ya fundi wa bodaboda inaingia. Kama rimu zimetobolewa kwa valvu nyembamba, nunua kile kichwa kidogo cha kubadilishia na ukifunge kwenye valvu kabisa usije kukipoteza.

Mbigiri na miba ya migunga: kule juu Lushoto pancha ni chache, ni baridi na misitu na mashamba ya kabichi, ila mkishuka kutoka Mtae kufika Mnazi mnaingia nyika ya upande wa Mkomazi na hapo miba inawasubiri. Silanti, ile dawa ya maji ya kuziba pancha kwa ndani, inafanya kazi nzuri sana kwa miba midogo, mbigiri hasa, kitundu kinajiziba chenyewe huku unaendesha. Wenye rimu na tairi za tyublesi, zisizotumia tyubu, wanafaidi zaidi. Rimu za zamani hazikutengenezwa kwa hilo, usimruhusu mtu azungushie selotepu akwambie tayari, tairi likitoka kwenye rimu kwenye mteremko wa Mtae huo sio mchezo. Wewe nunua tyubu ambazo valvu yake inafunguka moyo wake, mimina silanti humo ndani, mililita 60 hivi kila tyubu, umemaliza. Inakauka kwenye joto, kwahiyo ya mwezi wa saba usiitegemee Natron mwakani. Na mwiba ukikuchoma hadi pancha, kabla ya kurudisha tyubu mpya chukua kitambaa cha pamba au kipande cha kanga ukizungushe ndani ya tairi taratibu, kitanasa pale ncha ilipo. Vidole vinaikosa, alafu vinachomwa.

Fremu. Chuma ni nzuri lakini sio kwa sababu wanayoisema. Wanasema chuma ikikatika fundi wa mageti ataichomelea. Mabomba ya baiskeli nzuri ya chuma ni membamba, fundi wa mageti akija na welding yake ya umeme wa kawaida anatoboa shimo kubwa kuliko ufa wenyewe. Sababu ya maana ni nyingine: kale kasikio kanakoshika mashine ya gia ya nyuma. Kwenye chuma ya zamani ni sehemu ya fremu, ukianguka kakapinda unakanyoosha taratibu na spana mnaendelea. Kwenye alumini kasikio ni kipande cha kufunga na skrubu na kila kampuni ina umbo lake, kakikatika na huna cha akiba utageuza baiskeli iwe ya kusukuma mpaka uletewe na basi. Kwahiyo mtu mwingine anayesoma hapa mwenye alumini, na ziko nzuri tele, kabla ya kitu chochote tafuta kasikio ka akiba ka baiskeli yako hasa, kafunge na selotepu chini ya siti.

Kama hiyo mauntini ina shokapu ya mbele ya bei rahisi, yale ya springi, usilipie zaidi kwa ajili yake. Linaongeza uzito kilo na ushee, mlimani linabonyea bure, na sili zake zikila vumbi ndo basi. Foko la chuma lisilo na shokapu pamoja na tairi nene lenye upepo sahihi linakutosha Usambara na Natron.

Breki za kubana rimu ni sawa, vumbi na udongo mwekundu vinasaga mpira na rimu pia, pitisha kucha ubavuni mwa rimu, ukikuta imeliwa imekua bonde, hiyo rimu imekaribia mwisho, muuzaji akupunguzie. Weka mpira mpya wa breki pande zote nne, beba pea moja ya akiba, na kushuka Mtae usiburuze breki mwanzo mpaka mwisho, bana kwa nguvu punguza mwendo alafu achia ipoe. Wenye diski ya haidroliki ya Shimano nawaonya kitu kimoja, ile inatumia mafuta ya madini, fundi wa bodaboda ana mafuta ya breki ya DOT kwenye kopo na moyo wake ni mwema, mwache abaki nayo, DOT inaharibu sili zote na breki inakufa.

Sasa nenda kaikague hiyo ya laki tatu na nusu, nenda mchana sio jioni. Beba rula ya inchi. Cheni: kutoka pini mpaka pini, pini 24 mbele lazima iwe inchi 12 kamili, ikizidi moja ya kumi na sita cheni imekwisha, ikizidi sana na meno ya sproketi yameliwa nayo, toa hizo kwenye bei. Shika krenki itikise kwa pembeni, isicheze. Inua gurudumu zungusha, sikiliza gololi, mchakacho maana yake maji yaliingia, yanasafishika, mlio wa kukata maana yake vikombe vimeliwa. Tazama kwa makini chini ya usukani pale bomba la chini linapoungana na la mbele, rangi iliyopasuka mstari mwembamba au kuvimba kidogo hapo ni ufa au iligonga kitu, ondoka, usibishane bei. Bomba la siti lijaribu kama linapanda na kushuka, lililoganda ni kazi ya wiki nzima na wakati mwingine halitoki. Kwa urefu wako fremu ya inchi 16 au 17, ukisimama umeipanda kwa miguu miwili chini bomba la juu lisikuguse.

Ukishainunua peleka magurudumu kwa fundi anayekaza spoki kwa kusikiliza na kupima, sio anayekaza mpaka zilie. Hii ndo pesa inayolipa kuliko zote, gurudumu la nyuma lenye spoki 36 zilizokazwa sawasawa linabeba mzigo wako bila neno. Mwombe spoki nne za akiba, mbili za kila urefu maana nyuma kulia na kushoto hazilingani.

Tunakuja mabegi, na hapa nakuokolea laki kadhaa. Achana na ya dukani kwa safari hii. Hapo Tanga tafuta fundi anayeshona siti za bodaboda na maturubai ya malori, ana cherehani ya kutoboa turubai mikunjo minne bila kuvunja sindano, na uzi wa nailoni. Unachomletea ni umbo: chukua boksi la karatasi ngumu, liweke ndani ya pembetatu ya fremu, chora kwa kalamu ukiacha sentimita moja kila upande, kata, rudisha mle ndani uone kama nafasi ya chupa ya maji unaitaka au la. Upana mwambie sentimita sita juu, tano chini, wala usikubali akikwambia tufanye kumi ibebe vitu vingi, ukikaa ukazungusha pedali magoti yatasugua begi siku nzima na mapaja yatatoka malengelenge. Zipu kubwa ya plastiki ya meno manene ikae upande wa kulia juu kidogo, juu yake ashone kipande kinachofunika vumbi, maana zipu inakufa kwa vumbi na kwa kujazwa kupita kiasi. Vifungio mishipi ya begi la shule yenye bizimu, juu mitatu, mbele mmoja, chini mmoja. Turubai la PVC halipitishi maji lakini mishono inapitisha, ndani weka vitu kwenye mifuko mizito ya plastiki hata hivo.

Nyuma, kama fremu ina vitundu vya kufungia keria, weka keria ya chuma imara. Hapa wapenzi wa baikpaking watanipigia kelele, wanataka lile begi refu la chini ya siti linaloning'inia. Lile ni zuri likibeba vitu laini vya kilo tatu, ukizidisha linayumba kushoto kulia kila ukikanyaga, na kwa mtu wa sm 165 siti inakua karibu na tairi, nafasi yenyewe haipo. Keria na mfuko wa salfeti uliofungwa na mipira ya tyubu iliyokatwa ribbon, wazee wetu wamebeba mkaa na mahindi hivo miaka yote na haijawahi kuanguka. Shida ya keria ni skrubu zake kulegea kwa mtikisiko, tia gundi ya nyuzi au hata rangi ya kucha kwenye nyuzi kabla ya kukaza, zikague kila asubuhi, na beba skrubu za M5 kama sita. Mbele kwenye usukani funga vitu vyepesi tu, hema au shuka, uzito mbele unafanya baiskeli ing'ang'anie upande ikiingia kwenye mchanga. Vizito vyote, spana, maji, chakula, vikae kwenye lile begi la pembetatu, chini kadiri inavowezekana.

Utaona picha za mashindano ya graveli kule Maasai Mara au wale wa Tour d'Afrique wanaotoka Cairo kwenda Cape Town, baiskeli tupu zinang'aa, kachupa kamoja. Wale mizigo yao iko kwenye gari, jioni wanaikuta kambini. Usichague baiskeli kwa kuangalia picha yao.

Vya kubeba Usambara ni vichache sana. Gesti zipo Lushoto, zipo Mtae, Rangwi masista wanapokea wageni, chakula mama ntilie wapo, kwahiyo jiko na masufuria acheni nyumbani, hema pia mkipenda. Ila baridi ya mwezi wa saba kule juu ni ya kweli, beba sweta zito, soksi za kulalia na kitu cha kuzuia upepo wa kushuka, mtu wa Tanga utatetemeka. Kanga mbili zinafanya kazi ya taulo, shuka, kivuli na ya kujifunga kiunoni mkiingia kijijini. Mafuta ya mgando kwa ajili ya siti, paka kabla hujaumia. Simu weka programu ya OsmAnd na ramani ya Tanzania upakue kabla, bando likikata inaendelea kuonyesha njia.

Vifaa: pampu ya mkono uliyoijaribu mwenyewe kujaza tairi kutoka sifuri, tyubu mbili kila mtu, viraka na solusheni mpya maana iliyofunguliwa inakauka, vibao vya kutolea tairi, alenki 4, 5 na 6, kile kifaa cha kusukuma pini ya cheni na kiungo cha haraka kinacholingana na gia zako, waya mmoja wa breki na mmoja wa gia, zip tai, kipande cha ubavu wa tairi kuukuu cha kuweka ndani tairi ikichanika. Oili ya cheni kachupa kadogo, unadondosha tone kwenye kila kiungo, unazungusha, alafu unaifuta cheni mpaka ionekane kavu kwa nje. Fundi akija na ile oili chafu ya injini mshukuru umkatalie, ikishikana na vumbi inasaga cheni kuliko kuiacha kavu. Na wifi kama bado hajanunua basi naye achukue 26 ya valvu ileile, hapo mnabeba akiba kwa pamoja na mzigo unapungua.

Natron ni habari nyingine kabisa na sitaimaliza hapa. Kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka mpaka Ngaresero ni zaidi ya kilomita mia, jua kali, majivu ya volkano na mchanga unaomeza tairi nyembamba, maji ya kunywa mnahesabu lita sita mpaka nane kwa mtu kwa siku na kuna sehemu hamna pa kujaza. Hapo ndo utahitaji vibebea chupa kwenye miguu ya foko, lile gurudumu la kaseti, hema lenye chandarua, na kumuuliza mtu wa Engaruka hali ya njia kabla hamjaianza maana makorongo yanabadilika kila baada ya mvua. Mnapita kwenye wanyama pia, twiga na pundamilia sio shida, ila usiku mnakua mmeshafika mahali pa watu. Hilohilo kwa Mnazi, msikate njia kuingia hifadhi ya Mkomazi hata kama ramani inaonyesha ni fupi, mle kuna tembo na faru na baiskeli haina haraka yoyote mbele yao.

Kabla ya mwezi wa saba pakieni kila kitu kama mnaondoka kweli, nendeni Muheza mpande Amani, mlale, mrudi kesho yake. Ni vumbi, ni kupanda, ni msitu wenye unyevu, na ni karibu na kwenu kiasi kwamba kitu kikilegea mnarudi na daladala. Mtakachokua hamjakigusa siku hizo mbili, ukiacha spana na dawa, kitoeni. Alafu nitumie picha ya sproketi za nyuma za hiyo mauntini kabla hujalipa, piga kwa karibu upande wa kulia ionekane pale pa kuingizia spana, ntakwambia kama ni kaseti.